Kutafuta Stesheni: Habari za Kusikiliza Redio Hapo Kale

Kaeni karibu. Kiongozi wa kikundi na awape nafasi wale waliochelewa kutoka shambani, maana somo la leo halina haraka.

Mara nyingi tukitaja historia twataja watawala, mipaka na vita. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa historia: namna watu wa huku kwetu Lusahunga, na wa Biharamulo na Ngara kwa jumla, walivyokuwa wakisikiliza redio hapo zamani, wakizungusha mshale usiku kutafuta sauti zitokazo mbali. Mtajie mzee yeyote mawimbi mafupi, mtamwona akitabasamu. Atawaambia siku zile zilikuwa nzuri. Mimi ni mmoja wa wazee hao, na mimi pia hutabasamu. Lakini leo nitawaambia hata yale ambayo wazee hatupendi kuyataja.

Tuanze na chombo chenyewe. Redio za kwanza zilikuwa masanduku makubwa ya mbao, na ndani yake mlikuwa na taa za kioo zilizopata moto. Zilikula umeme mwingi, na umeme ulikuwa mijini tu, tena katika nyumba za wachache. Mwaka 1949, katika Rhodesia ya Kaskazini, nchi tuiitayo leo Zambia, Bwana Harry Franklin wa idara ya habari aliishawishi kampuni ya Ever Ready kutengeneza redio ya betri kwa ajili ya Waafrika. Umbo lake lilikuwa la mviringo kama sufuria, ikapewa jina hilo hilo la sufuria. Bei yake paundi 5, yaani shilingi 100 za Afrika Mashariki za wakati ule. Hebu fikirini mshahara wa kibarua wa siku zile, mtaona ni nani aliyeweza kuinunua.

Katika Tanganyika, Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, kwa mtambo mdogo sana. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 serikali ikaichukua kazi hiyo yote, ndipo tukapata Redio Tanzania Dar es Salaam. Huku nje, wengine nao walikuwa wameanza kusema nasi kwa Kiswahili. Sauti ya Cairo ilianza idhaa yake ya Kiswahili mwaka 1954, ikiwashambulia wakoloni bila kuwaonea haya. BBC ya London ilianza tarehe 27 Juni 1957. Sauti ya Ujerumani ilianza mwaka 1963. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960, Moscow na Peking nazo zilikuwa zikitangaza kwa Kiswahili. Mataifa makubwa yaliyokuwa yakigombana yalijua kwamba Mwafrika wa bara ana masikio, wakayatafuta masikio hayo.

Kilichotufikisha sisi wa vijijini kwenye sauti hizo ni transista. Chombo hicho kidogo, kilichovumbuliwa Marekani mwaka 1947, kilichukua kazi ya zile taa za kioo. Redio ikawa ndogo, ikatumia betri za kawaida, mtu akaweza kuibeba begani akienda kuchunga. Viwanda vikaja hapa hapa nchini: Philips huko Arusha, na kampuni ya Matsushita huko Dar es Salaam, iliyotengeneza betri na redio za National.

Sasa mtauliza: kwa nini tulihitaji kutafuta stesheni, badala ya kufungua tu na kusikiliza kama siku hizi? Jibu ni umbali. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam, kwa njia ya ndege, ni kama kilomita 1,000. Mawimbi ya FM, ambayo ndiyo mnayoyasikiliza leo, huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Mlima ukikaa mbele, yamekwisha. Mawimbi mafupi tabia yake ni nyingine. Hupanda angani, na huko juu, zaidi ya kilomita 100 kutoka ardhini, hukuta tabaka la hewa lililobadilishwa na nguvu za jua, yakarudishwa chini kama mpira uliopigwa ukutani. Ndiyo maana sauti ya London ilifika Biharamulo wakati mtangazaji wa karibu haisikiki. Lakini tabaka hilo hubadilika. Mchana lina hali moja, na jua likitua lina hali nyingine. Kwa hiyo stesheni ileile husikika vizuri jioni katika mita 49 au 60, na asubuhi huihami namba hiyo ukaenda kuitafuta mita 25 au 19. Msikilizaji hodari alijua haya yote, ijapokuwa hakuwa amekwenda shule hata siku moja.

Baba yangu mdogo alikuwa msikilizaji wa namna hiyo. Redio yake ilikuwa ya mbao, yenye kioo kilichoandikwa majina ya miji ambayo hakuna mmoja wetu aliyeijua. Waya wa antena aliupandisha juu ya mti wa mwembe. Juu ya kioo alikuwa ametia alama kwa ncha ya msumari: hapa Dar es Salaam, kilohezi 5050, hapa Unguja, kilohezi 11734, hapa London. Jioni, ng'ombe wakiisha kufungwa, wanaume walikusanyika kwake. Alishika kile kifundo kwa vidole viwili, akakizungusha pole pole mno, kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa. Kwanza tulisikia kuchemka, kama mafuta katika kikaango. Kisha filimbi. Kisha Kifaransa cha Bujumbura, na gitaa za Kongo, na mtu anayesoma namba tu, namba tupu, kwa lugha tusiyoijua, na vile vidoko vya simu, di-di-da, di-da, ambavyo wazee walisema ni meli zinaongea. Kisha ghafula mlio wa ngoma, na sauti ya Kiswahili safi, nasi tukanyamaza hata kikohozi.

Betri zilikuwa ghali. Zikidhoofika tulizianika juani juu ya bati, zikapata nguvu ya nusu saa. Kwa hiyo redio haikuwa ya kufunguliwa ovyo. Ilifunguliwa kwa taarifa ya habari, kwa matangazo ya vifo, na kwa mazungumzo baada ya habari, halafu ikafungwa na kufunikwa kitambaa.

Hapa sina budi kusema jambo moja. Nimesema wanaume walikusanyika. Mama na shangazi zangu walikuwa jikoni, na taarifa ya habari ilipofika ndiyo saa ya kusonga ugali. Sikumbuki siku hata moja mwanamke ameshika kile kifundo. Habari iliwafikia baadaye, ikiwa imepitia kinywa cha mume, imepunguzwa au imeongezwa chumvi. Wazee tunaposema "kijiji kizima kilisikiliza," ulizeni bibi zenu walikuwa wakisikiliza nini.

Kampeni za elimu ya watu wazima zilibadilisha jambo hilo kidogo. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 vikundi nchini kote vilikaa mbele ya redio, vikasikiliza somo, kisha kiongozi akasoma kitabu na watu wakajadiliana. Walioshiriki walikuwa kama milioni 2. Katika vikundi hivyo wanawake walikaa mstari wa mbele, kwa kuwa mambo ya vyoo, maji na mbu ni wao walioyajua kuliko sisi. Vyoo vingi vilichimbwa kwa sababu ya maneno yaliyotoka katika sanduku lile. Kikundi mlichokaa ndani yake leo ni mjukuu wa vikundi vile.

Lakini nataka tukae zaidi juu ya miaka miwili, 1978 na 1994, maana katika miaka hiyo kule kuzungusha mshale hakukuwa mchezo wa jioni.

Mwezi wa Oktoba 1978 Redio Uganda ilidai kwamba majeshi ya Tanzania yameivamia Uganda. Wasikilizaji wa mkoa wetu, ulioitwa wakati ule Ziwa Magharibi, walishangaa. Mwisho wa mwezi ule majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka, yakateka nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, na redio yake ikatangaza kwamba sehemu hiyo sasa ni ya Uganda. Mshale wa redio ukahama mara kumi kwa usiku mmoja. Kampala ilisema hivi, Dar es Salaam ilisema vile, London ilisema kwa maneno ya tahadhari, ikitaja kila upande. Baba mdogo alitufundisha wakati ule namna ya kusikiliza. Hakuuliza, "Nani anasema kweli?" Aliuliza, "Ni neno gani ambalo wote watatu wanalikubali?" Hilo alilishika. Mengine aliyaweka pembeni mpaka kesho. Tarehe 11 Aprili 1979, Kampala ilipotekwa, alikuwa katika stesheni ya Uganda. Aliposikia msemaji mwingine kabisa, Luteni Kanali Oyite Ojok, akitangaza kwamba serikali ya Amin imeanguka, hakushangilia mara moja. Alihamia Dar es Salaam kwanza. Kisha akashangilia.

Mwaka 1994 mambo yalikuwa mabaya kuliko hayo. Katika Rwanda kulikuwa na redio iliyoitwa RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993. Haikuwa redio ya mawimbi mafupi, wala msikilizaji wake hakuhitaji kutafuta. Ilisikika kwa FM, safi kabisa, kwa lugha ya nyumbani, pamoja na muziki mzuri na mizaha ya barazani. Kati ya wimbo na wimbo iliwaita Watutsi mende. Baada ya ndege ya Rais Habyarimana kutunguliwa tarehe 6 Aprili 1994, alipokuwa akirudi kutoka mkutanoni Dar es Salaam, redio hiyo ilitaja watu kwa majina na mahali walipo, ili wakauawe. Katika muda wa siku 100 hivi watu mamia kwa maelfu waliuawa. Mwaka 2003, mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa hapa hapa kwetu, Arusha, iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio ile, pamoja na mwenye gazeti moja. Katika rufani ya mwaka 2007 mashtaka mengine yalifutwa na vifungo vikapunguzwa, lakini wote watatu walibaki gerezani.

Huku kwetu tuliyaona kwa macho. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, karibu yote kwa siku moja. Kambi ya Benaco ikawa mji kwa usiku mmoja. Malori ya chakula yakapita Lusahunga mchana na usiku, hata vumbi la barabara halikutua. Na wengi katika wakimbizi wale, waliokuwa wameacha vyungu na mikeka, walikuwa wamebeba redio. Nakumbuka mtu mmoja aliyepumzika kando ya barabara, redio yake ndogo sikioni, hakutaka kuizima hata alipopewa maji. Nilipata kujiuliza mara nyingi alikuwa akisikiliza stesheni gani. Wakati ule sikuthubutu kumwuliza.

Mwaka huo huo BBC ilianzisha matangazo kwa Kinyarwanda na Kirundi, yaliyoitwa Gahuzamiryango, maana yake kinachounganisha jamaa. Yalisoma majina ya watoto waliopotea na ya wazazi wanaowatafuta. Mwaka uliofuata, 1995, shirika la Wajesuti la kuwahudumia wakimbizi lilianzisha Redio Kwizera huko Ngara. Kwizera ni kutumaini. Basi chombo kilekile kilichokuwa kimetaja majina ya watu wauawe, sasa kikataja majina ya watu ili waonekane. Mkimbizi aliyekaa chini ya turubai alikuwa na mshale mkononi, na uchaguzi wake mwenyewe.

Sasa nije kwenye lile ambalo wazee hatupendi kulitaja. Tuliwahi pia kusikiliza yasiyotuhusu.

Katika miaka ile ya wakimbizi, msitu wetu wa Biharamulo ulikuwa na majambazi wenye bunduki. Magari hayakuweza kupita peke yake. Yalingojana, yakaenda kwa msafara na askari. Rafiki yangu mmoja mwenye kibanda cha chai alinunua kwa dereva mmoja redio yenye mabendi mengi. Mbali na FM na mawimbi mafupi ilikuwa na bendi nyingine, ambayo ilinasa maongezi ya redio za mkononi na za magarini. Huko Ulaya na Marekani watu walikuwa na mashine maalum za kazi hiyo, zilizoweza kurukaruka zenyewe kutoka namba hii hadi namba ile na kusimama penye sauti. Wako waliofanya kuwa burudani ya kila jioni kusikiliza zimamoto, polisi na marubani. Sisi tulizungusha kwa mkono. Kibanda kikajaa. Tulisikia madereva wakiulizana juu ya daraja na matope, tukasikia mtu akiomba mafuta, mwingine akimtania mwenziwe juu ya mkewe. Tulicheka sana. Tulijiona wakubwa, kwa kuwa twajua mambo kabla ya wengine.

Usiku mmoja tukasikia saa ambayo msafara wa kesho utaondoka, na kwamba askari watakuwa wachache. Kibanda kilikuwa na watu kama kumi na wawili. Watano nilikuwa siwajui. Mwenye chai alinyosha mkono akaizima redio, akaanza kukusanya vikombe ambavyo havijaisha. Hakuna aliyesema neno. Asubuhi msafara ulipita salama, namshukuru Mungu, lakini mimi sikulala usiku ule, na baada ya siku mbili ile redio haikuwako tena kibandani. Sikumwuliza ameipeleka wapi, naye hakuniambia. Leo sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010 yakataza wazi kunasa maongezi ya watu wengine. Wakati ule hatukufikiria sheria. Tulifikiria wale watu watano.

Kwa hiyo nikisikia mwenzangu akisema kwamba vijana wa leo hawajui raha ya redio, nakubali nusu. Ni kweli kwamba hawajui kungoja. Simu ya kiganjani humletea mtu habari bila kuhama mita wala kilohezi. Stesheni nyingi za ng'ambo zimeyaacha mawimbi mafupi au zimeyapunguza. Mitambo ya Sauti ya Ujerumani iliyokuwa Kigali tangu miaka ya 1960 ilizimwa mwaka 2015. Maongezi ya polisi na ya mashirika katika nchi nyingi sasa yamefungwa kwa ufundi wa siri, hata ukiwa na mashine utasikia mkwaruzo tu. Lakini kijana anayefungua kundi moja tu la simu, asubuhi mpaka jioni, na kupeleka mbele kila kinachoingia, hana tofauti na mtu wa mwaka 1994 aliyekuwa na FM safi, muziki mzuri, na stesheni moja.

Muda wetu unakaribia kwisha. Kabla ya somo la juma lijalo, kila kikundi kifanye kazi hii. Kila mmoja amwulize mzee mmoja, mwanamume au mwanamke, maswali matatu, na mwandishi wa kikundi aandike majibu katika daftari pamoja na mwaka. La kwanza: redio ya kwanza uliyoisikia ilikuwa ya nani, na ilikaa wapi? La pili: habari gani kubwa uliisikia redioni, na ulihakikisha vipi kwamba ni kweli? La tatu, ambalo mliulize kwa adabu na bila kumlazimisha mtu: ni jambo gani ulilolisikia ambalo ungependa usingelisikia?

Mwenye redio ya zamani nyumbani aje nayo, hata kama imekufa. Redio ya baba mdogo ninayo mimi. Spika yake imeliwa na panya, lakini alama za msumari bado zasomeka kiooni. Nitakuja nayo, tutaitazama pamoja. Kwaherini.